Polisi wa Peel mashambani Ireland: tathmini ya huduma ambayo bili yake ilimfuata mpangaji

Huduma: Kikosi cha Kulinda Amani cha 1814, pamoja na matoleo ya 1822 na 1836.
Mtoaji: serikali ya Uingereza, kupitia Kasri la Dublin, makao ya utawala wake nchini Ireland.
Ilikotolewa: kaunti za mashambani, hasa Tipperary, Limerick, Cork, Clare, Kilkenny na Louth.
Alama: toleo la kwanza nyota 2 kati ya 5, la pili 2, la tatu 4.

Wengi wanaoandika juu ya polisi hawa huanza na mauaji ya usiku na nyumba zilizochomwa. Sisi tunaanza na bili. Usipoielewa bili, hutaelewa kwa nini askari walifika moto ukiwa umeshakula paa, wala kwa nini walichukiwa hata na mabwana waliokuwa wakiwahitaji.

Bei

Robert Peel alipelekwa Dublin mwaka 1812 kuwa Katibu Mkuu wa serikali ya Ireland, kijana wa miaka 24. Ulinzi alioukuta vijijini ulikuwa wa makonstebo wa baroni. Baroni ni kipande cha kaunti. Tipperary ilikuwa nazo takriban kumi. Makonstebo hao waliteuliwa na wakubwa wa kaunti, walifanya kazi ya muda kwa ujira mdogo, na wengi walikuwa wazee waliopewa nafasi hiyo kama pensheni. Kundi la watu mia likipita usiku na mashati meupe juu ya makoti, konstebo wa namna hiyo alizima mshumaa akajilalia.

Sheria ya Julai 1814 ilimpa mwakilishi wa mfalme, akishauriana na Baraza lake, uwezo wa kutangaza kwamba kaunti, baroni au hata nusu ya baroni iko katika machafuko. Tangazo likishatoka, eneo linapelekewa hakimu mkuu wa mshahara, karani wake, mkuu wa makonstebo, na makonstebo wadogo wasiozidi 50. Mshahara wa hakimu mkuu ulifika £700 kwa mwaka, nyumba juu. Karani £150, mkuu wa makonstebo £150, konstebo mdogo £50. Piga hesabu ya kikosi kamili: 50 mara £50 ni £2,500, ongeza £1,000 ya wale watatu, jumla ni £3,500 kwa mwaka, na bado hujakodi nyumba za kuwalaza, hujanunua farasi, majani yao wala baruti.

Anayelipa ni eneo lenyewe lililotangazwa. Jopo kuu la kaunti, yaani wenye ardhi wakubwa waliokutana mara mbili kwa mwaka mahakama ya mzunguko ilipofika, ndilo lililoidhinisha matumizi na kuyagawa juu ya ardhi. Hapa ndipo penye mtego: kodi ya kaunti ilidaiwa kwa anayeikalia ardhi, si kwa anayeimiliki. Bili iliandikwa mezani kwa bwana ikalipwa jikoni kwa mpangaji. Kibarua wa Munster, jimbo la kusini mwa Ireland, enzi hizo alipata takriban peni 8 kwa siku, siku zenye kazi. Pauni moja ni peni 240. Kwa hiyo mshahara wa mwaka wa konstebo mmoja wa cheo cha chini ulikuwa peni 12,000, sawa na siku 1,500 za jembe: karibu miaka mitano bila kuugua wala kukosa kazi hata siku moja. Zidisha kwa 50.

Peel aliipanga hivyo kwa makusudi. Hoja yake ilikuwa kwamba mahakimu wa vijijini wamezembea, wanakimbilia kuomba wanajeshi kila mlango ukigongwa usiku, na dawa ya uzembe ni kuutoza. Wakijua polisi ni ghali, watajitahidi wenyewe wasifikie kutangazwa. Na wanakijiji nao, wakijua wote watalipa, watawataja wahalifu. Kwenye karatasi ni hoja safi. Shambani ilileta mambo mawili. Kwanza, mahakimu waliona aibu na hasara kutangazwa, wakakaa kimya mpaka hali imeoza. Pili, asiye na hatia alilipa sawa na mwenye hatia, na bado akabaki na jirani yuleyule ambaye angemtaja. Kumtaja mtu kulimpunguzia bili kwa peni kadhaa na kuliweza kumgharimu nyumba.

Mwaka 1817 sheria ilirekebishwa ili serikali iweze kubeba hadi theluthi mbili ya gharama. Muuzaji anayeshusha bei kiasi hicho ndani ya miaka mitatu amekiri kwamba wateja wanakimbia duka.

Kilichomo ndani ya kifurushi

Agizo la kwanza lilipelekwa baroni ya Middlethird, Tipperary, Septemba 1814. Hakimu mkuu alikuwa Richard Willcocks, akiwa na askari takriban 20 waliotoka jeshi la wapanda farasi. Kuchagua wapanda farasi wa zamani hakukuwa urembo. Mtu wa namna hiyo anajua kutunza silaha, amezoea kuamka usiku, na hana shangazi kijijini wa kumwomba afumbe macho. Vita na Napoleon vilikuwa vikielekea ukingoni, kwa hiyo watu wa aina hiyo walikuwa wengi na hawakuwa na kazi.

Utaratibu wa kazi ulikuwa huu. Hakimu mkuu anapofika, mahakimu wote wa eneo wanakuwa chini yake, wawe na ardhi kiasi gani. Anatafuta nyumba za kukodi, anawagawa watu wake katika vituo vidogo, kisha zinaanza doria za usiku, upekuzi wa silaha, na uandikaji wa maelezo ya kiapo kutoka kwa mashahidi. Kila hatua inaandikiwa barua kwenda Kasri la Dublin. Eneo likitulia, tangazo linaondolewa, kikosi kinafungwa au kuhamishiwa baroni nyingine.

Ubora wake halisi ulikuwa kwenye mnyororo wa amri. Kabla ya hapo Dublin ilipata habari za mashambani kupitia mabwana, na bwana mwenye hofu huona jeshi la waasi pale penye vijana sita wenye fimbo. Hakimu wa mshahara aliweza kuandika kwamba kilichotokea ni ugomvi wa ardhi ya mtu aliyefukuzwa, si maasi. Tofauti hiyo ilikuwa na uzito: kwa maasi unaleta jeshi, kwa ugomvi wa ardhi unahitaji shahidi mmoja aliye hai.

Udhaifu wake ulikuwa kwamba huduma yenyewe ilikuwa ya msimu. Kikosi kilijifunza njia za mkato, kikajua nani analala wapi, kisha kikaondoka na ujuzi wote, kwa sababu kila mwezi wa ziada ulikuwa pesa ya mtu. Na hata pale kilipokuwepo hakikutosha. Novemba 1815 hakimu William Baker wa Lismacue aliuawa barabarani huko huko Tipperary, kaunti ambayo wakati huo ilikuwa imeongezewa na Sheria ya Maasi: asiyekuwa nyumbani kwake kati ya machweo na macheo angeweza kuhukumiwa bila jopo la wazee na kusafirishwa ng'ambo kwa miaka 7. Ukilazimika kuinunua na hiyo juu ya polisi, basi polisi peke yao hawakukutosha.

Mshindani wa mtaa wa pili

Hakuna tathmini ya haki ya polisi hawa bila kumtaja mshindani wao, maana vijijini kulikuwa na chombo kingine cha sheria chenye wateja wengi zaidi. Whiteboys walianza Tipperary mwaka 1761. Baada yao majina yakabadilika kwa mahali na msimu: Threshers kule Mayo na Sligo mwaka 1806, Caravats na Shanavests huko Munster, Carders walioitwa hivyo kwa vibao vya meno ya chuma vya kuchania sufu ambavyo waliwaburuzia watu migongoni, kisha Rockites wa 1821 hadi 1824 na Terry Alts wa Clare kuanzia 1829.

Sheria zao zilikuwa chache na zilieleweka bila mwanasheria. Usichukue shamba ambalo mwenzako amefukuzwa. Usipandishe kodi ya kipande cha viazi kinachokodishwa kwa msimu mmoja. Usigeuze mashamba kuwa malisho ya ng'ombe watupu wakati watu hawana pa kupanda. Usimlipe mkusanya zaka zaidi ya kiwango kilichobandikwa mlangoni pa kanisa. Onyo lilikuja kwa karatasi, mara nyingi na mchoro wa jeneza, likiwa na sahihi ya Kapteni Rock, jina la kubuni la kiongozi wa Rockites, au mwenzake. Asiyesikia karatasi alikatiwa mishipa ya nyuma ya miguu ya ng'ombe wake, au akatolewa nje usiku akapigwa. Terry Alts walikuwa na mtindo wao: walifika usiku kwa mamia na sepeto, wakapindua majani ya malisho juu chini, asubuhi bwana akaamkia shamba lisilofaa ila kwa viazi.

Kwa upande wa kasi, mshindani huyu alishinda kabisa. Hukumu ilitoka leo, ikatekelezwa kesho, na hapakuwa na ada ya karani. Lakini wasidanganywe wanaodhani ilikuwa huduma ya bure. Ilitoza bunduki yako, kwa sababu walipita nyumba kwa nyumba kukusanya silaha. Ilitoza kiapo kwa lazima. Ilitoza usiku wako, maana aliyekataa kufuata msafara alikuwa mshukiwa. Na ilimwadhibu maskini mara nyingi kuliko tajiri, kwa sababu aliyechukua shamba la aliyefukuzwa kwa kawaida alikuwa mpangaji mwingine mwenye njaa, si bwana aliyefukuza. Kwa hiyo katika baroni iliyotangazwa, mtu mmoja aliweza kulipia polisi wawili kwa wakati mmoja, na wote wawili wakampiga.

Sehemu iliyovunjika kila mara: shahidi

Kesi za mashambani hazikuwa na ushahidi wa vitu. Watu walijipaka masizi usoni, walitoka baroni nyingine ili wasijulikane, na asubuhi kila mmoja alikuwa na ndugu watano wa kuapa kwamba alilala. Kilichobaki ni mtu aliyeona au mshiriki aliyegeuka. Huduma nzima ilisimama juu ya mtu huyo, na ndiye ambaye haikumlinda.

Tazama Wildgoose Lodge, kaunti ya Louth. Aprili 1816 kundi lilivamia nyumba ya mkulima Edward Lynch kutafuta silaha. Lynch alitoa ushahidi, na wanaume watatu wakanyongwa. Akarudi nyumbani kwake, kwenye nyumba ileile, katikati ya ndugu wa walionyongwa. Usiku wa 29 kuamkia 30 Oktoba 1816 watu wenye silaha waliizingira nyumba na kuiwasha moto. Watu wanane waliteketea ndani, mtoto mchanga akiwa mmoja wao. Dola ikajibu kwa njia inayoijua: wanaume 18 wakanyongwa, wengi kwa maneno ya washiriki waliogeuka ili waokoe shingo zao, ushahidi ambao mtu makini angeupima mara mbili. Patrick Devan, mwalimu aliyetajwa kuwa kiongozi, alinyongwa Julai 1817 na maiti yake ikatundikwa hadharani.

Hesabu ya kibiashara hapo ni ya kusikitisha. Kumhamisha Lynch na jamaa yake mahali pengine kungegharimu sehemu ndogo ya mshahara wa hakimu mkuu mmoja. Baadaye ikawa kawaida kumweka shahidi mahali pa ulinzi kabla ya kesi na kumsaidia aondoke nchini baada yake. Somo hilo lilinunuliwa kwa bei ya Louth.

Limerick 1821: mtoa huduma anapogeuka kero

Machafuko ya Kapteni Rock yalianzia magharibi ya Limerick, kwenye mashamba ya Lord Courtenay karibu na Newcastle, ambako wakala mpya, Alexander Hoskins, aliwabana wapangaji kwa kodi. Julai 1821 mwanawe alipigwa risasi akafa. Polisi wa Limerick waliongozwa na Meja Richard Going. Agosti mwaka huo watu wake walipambana na kundi karibu na Askeaton, na habari ilienea mashambani kwamba maiti zilizikwa kwenye chokaa na kwamba mmoja alikuwa bado anapumua. Iwe kweli au la, polisi anayeaminiwa kufanya hivyo hatapata shahidi tena. Going aliondolewa kazini. Tarehe 14 Oktoba 1821 aliuawa barabarani, njia ya kwenda Rathkeale.

Kilichokosekana hapa kinafahamika kwa yeyote aliyesimamia watu wenye bunduki: hapakuwa na kanuni moja ya lini ufyatue, hapakuwa na mkaguzi wa juu wa kumwajibisha mkuu wa kaunti, na kila hakimu mkuu aliendesha kikosi chake kama shamba lake. Mwanzoni mwa 1822 Rockites hawakuogopa tena kituo cha polisi. Kule Churchtown, kaunti ya Cork, walikivamia na kukichoma, na askari wakafa.

Toleo la 1822

Sheria ya 1822, chini ya Katibu Mkuu Henry Goulburn, iliondoa kasoro ya msimu. Sasa kila kaunti ilipata makonstebo wa kudumu, hadi 16 kwa baroni, na mkuu wao mmoja. Juu yao waliwekwa wakaguzi wakuu wanne, mmoja kwa kila jimbo. Willcocks wetu wa Middlethird akapewa Munster. Gharama iligawanywa nusu kwa nusu kati ya hazina na kaunti. Ukisoma hadi hapo utasema bidhaa imeiva.

Haijaiva, kwa sababu ya kifungu kimoja. Wenye ardhi walipiga kelele Bungeni, serikali ikakubali kwamba makonstebo wa kawaida wataendelea kuteuliwa na mahakimu wa kaunti. Mahakimu wakawaajiri watoto wa wapangaji wao wapendwa, na katika nchi ambayo idadi kubwa ya watu ni Wakatoliki, vikosi vikajaa Waprotestanti, baadhi yao wafuasi wa Orange, chama cha Waprotestanti waliowapinga Wakatoliki. Konstebo akajua mkate wake unatoka kwa bwana gani. Wakaguzi wanne nao walikuwa na kanuni nne.

Kosa la pili ni matumizi. Ukiwa na kikosi cha kudumu mkononi, kila mwenye hati ya deni atakuja kukiazima. Zaka ndiyo iliyowamaliza. Mkulima Mkatoliki alitakiwa kulipa zaka kwa kasisi wa Kianglikana ambaye hakuwahi kumsikia akihubiri, na kuanzia 1831 makonstebo wakawa wasindikizaji wa wapeleka hati na wakamata mifugo.

Wanakijiji walizijua sheria za ukamataji kuliko makonstebo wengi. Mnyama hukamatwa kati ya macheo na machweo tu, na mkamataji haruhusiwi kuvunja mlango uliofungwa. Basi ng'ombe walifungiwa mchana kutwa na kuchungwa usiku. Mlinzi alikaa kilimani na baragumu. Kikosi kikionekana, kengele za makanisa zikalia na kufuli zikafungwa. Mnyama aliyekamatwa kwa bahati mbaya alipigwa chapa ya zaka, na mnadani hapakuwa na mtu wa kutaja bei. Polisi wakabaki wakimlisha ng'ombe asiyenunuliwa. Serikali ilipojaribu kukusanya malimbikizo yenyewe, ilipata takriban £12,000 kwa gharama iliyozidi makusanyo.

Kichochoro cha Carrickshock

Tarehe 14 Desemba 1831 ndiyo inayoonyesha kwa karibu kwa nini kifaa hiki hakikufaa kazi hii. Mkuu wa makonstebo James Gibbons alikuwa na watu wasiofika 40, katikati yao mpeleka hati Edmund Butler, akigawa hati za zaka za kasisi wa Knocktopher, Kilkenny. Kengele zilishalia. Watu zaidi ya elfu walikusanyika, wakidai jambo moja tu: wapewe Butler, askari waende zao.

Gibbons aliingiza safu yake kwenye kichochoro chenye kuta za mawe pande zote mbili. Hapo alikuwa ameshindwa. Safu ya watu 40 kwenye njia nyembamba inanyooka kama kamba; wa mbele hawezi kumsaidia wa nyuma, na hakuna nafasi ya kupanga mistari miwili ili mmoja ufyatue wakati mwingine unashindilia. Silaha yao ilikuwa bunduki fupi ya gumegume: risasi moja, kisha baruti, risasi na mti wa kushindilia tena. Kwa mtu aliyetulia uwanjani ni robo dakika au zaidi. Kwa mtu anayesukumwa, mwenzake akimwangukia mgongoni, ni milele. Aliyesimama juu ya ukuta mwenye jiwe la ratili tatu hana haja ya kushindilia chochote.

Butler alivutwa, jiwe likatupwa, bunduki zikalia mara moja, na baada ya hapo zikawa fimbo zenye singe. Ndani ya dakika chache makonstebo zaidi ya kumi walikuwa wamekufa, Gibbons mwenyewe akiwemo, pamoja na Butler, kwa mawe, nyundo za mbao na uma za nyasi. Upande wa wanakijiji walikufa watatu. Walioshtakiwa walitetewa mwaka uliofuata na Daniel O'Connell, mwanasheria na kiongozi wa kisiasa wa Wakatoliki, jopo likakataa kuwatia hatiani, na serikali ikaziacha kesi zilizobaki.

Kama huduma ya kukusanya deni: sifuri. Kama huduma ya kulinda amani: amani ilikuwepo kabla hawajafika.

Vingine vilivyokuwa sokoni

Jeshi la kawaida lilikuwa na nidhamu, lakini maofisa walichukia kutawanya kompani yao watu sita sita vijijini, na askari hakuweza kumgusa raia bila hakimu pembeni. Yeomanry, wanamgambo wenyeji walioundwa mwaka 1796, tunawapa nyota sifuri bila kujadili. Juni 1831 huko Newtownbarry, kaunti ya Wexford, waliitwa kwenye mnada wa ng'ombe wa zaka wakaufyatulia umati. Waliokufa walizidi kumi. Desemba 1834 huko Rathcormac, Cork, wanajeshi na polisi waliua watu wengi kwa deni la shilingi 40 alilodaiwa mjane mmoja. Ukiwa na chaguo kati ya hawa na polisi wa 1822, chukua polisi, ila usiwatume kudai zaka.

Toleo la 1836, na kwa nini linapata nyota nne

Thomas Drummond, Mskoti aliyekuwa Katibu Mdogo kuanzia 1835, alibadilisha sehemu zilizovunjika badala ya kupaka rangi. Uteuzi ulitolewa mikononi mwa mahakimu ukapelekwa Dublin. Wakaguzi wanne wakawa mmoja, Kanali James Shaw Kennedy, na kanuni zikawa moja kwa nchi nzima. Konstebo hakupangwa kaunti ya kwao. Aliapa kwamba si mwanachama wa chama chochote cha siri, isipokuwa Freemasons, na hapo wafuasi wa Orange wakatakiwa kuchagua. Wakatoliki wakaanza kuingia kwa wingi. Mahakimu wa mshahara wakaongezwa ili hukumu ndogo zisitoke kwenye sebule ya mdai.

La muhimu kuliko yote, Drummond aliacha kuwaazimisha. Mwenye kudai zaka alitakiwa atumie watu wake. Polisi wangekuja amani ikivunjika, si kubeba hati. Badala yake walipelekwa kwenye minada na magulio ambako koo zilizoea kupigana kwa fimbo. Kabla ya hapo mahakimu wengi waliangalia mapigano hayo kama mchezo wa kijijini. Juni 1834 huko Ballyeagh, Kerry, mchezo huo uliishia na watu wengi wakizama mtoni. Kumweka konstebo sokoni tangu asubuhi ni kazi rahisi, haina sifa magazetini, na ilifanya kazi. Mwaka 1838 zaka nayo ikageuzwa kuwa sehemu ya kodi ya ardhi, chanzo cha nusu ya ugomvi kikafichwa ndani ya bili nyingine.

Nyota ya tano wameikosa kwa mambo mawili. Kikosi kilibaki cha kijeshi, kikikaa kambini na bunduki, mbali na watu kinaowahudumia; mtu wa kaunti nyingine hana ndugu wa kumpendelea, lakini pia hana wa kumnong'oneza. Na mashamba yaliendelea kuchukuliwa. Mahakimu wa Tipperary walipoandika mwaka 1838 kutaka sheria kali zaidi baada ya mauaji mapya, Drummond aliwajibu kwa barua ya tarehe 22 Mei kwamba mali ina wajibu wake kama ilivyo na haki zake. Lord Donoughmore, aliyepokea barua hiyo, hakuona haraka ya kuionyesha wenzake.

Bili, tuliyoanza nayo, ilibaki nusu kwa nusu kwa miaka kumi mingine. Ilipoondolewa kabisa kwenye kaunti na kupelekwa hazina, mwaka 1846, Waziri Mkuu alikuwa Peel yuleyule. Alikuwa akifuta ushuru wa nafaka za kutoka nje wakati huo, na wenye ardhi walihitaji kitu cha kuwatuliza. Gharama za polisi ndizo walizopewa.